Injini ya Ami

Jamani, hata kurithi kuna bahati yake. Ami alipofariki, mmoja kapata shamba Kwale, mwingine kapata nyumba Majengo. Mimi nikakabidhiwa boksi. Ndani mna ndege. Yaani nusu ndege. Bawa moja limevishwa, la pili mbavu tupu za mbao ya balsa, kila ubavu umeandikwa namba kwa penseli. Puani vimetokeza vijiti viwili vya mbao ngumu vyenye matundu manne. Matundu ya injini. Injini yenyewe hamna. Ukoo mzima ukanitazama: malizia wewe.

Mimi hata feni yangu naiwasha kwa kuisukuma na fimbo.

Haya, ramani ya ami imeandikwa ".40". Nikenda kwa wauza mashine za boti, nikaitisha ya 40, kwa sauti ya mtu anayejua. Nikatolewa Yamaha ya farasi 40, ile ya wavuvi, kuibeba watu wawili. Fundi akauliza chombo changu kina urefu gani. Nikapanua mikono. Walicheka, nadhani mpaka Likoni walisikia. Mzee mmoja akanihurumia: kuna nukta pale mbele. Ni sehemu ya inchi ya ujazo, yaani kama cc 6.5, injini ya kukaa kiganjani. Sasa mtu mzima anaachaje jambo zito vile kwa nukta?

Na vijinjini hivyo vinachagua kinywaji. Petroli havitaki. Vyataka methanol, nitromethane kidogo, na mafuta ya mbarika. Ya mbarika nikapata. Methanol nikaiulizia duka la dawa. Dada wa kaunta akaacha kuhesabu vidonge. Si ndiyo ile iliyotiwa kwenye pombe 2014 ikaua watu na kupofusha wengine? Nikamwambia ni ya ndege. "Ndege gani, baba?" Foleni nzima ikageuka. Alasiri msikitini, mtu kabla hajanipa mkono ananinusa kwanza.

Jirani akanishauri nipeleke ubani Mnara wa Mbaraki, jini wa pale anichagulie. Bibi yangu akasema jini ana kazi zake.

Basi umeme. Kijana wa kutengeneza simu akaniambia nichukue mota ya 1,000 KV. Nikaruka. Laini ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kwa kilovolti 400, mimi niweke elfu sebuleni? Kumbe ni mizunguko kwa kila volti. Ukifunga betri ya volti 11.1, mota tupu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. "Soma, mzee." Mzee! Na ni mimi niliyemfundisha baiskeli.

Tena mota ni nyepesi. Pua ya ami ilipimiwa chuma, kwa hiyo ndege ikawa inakalia mkia. Betri isukumwe mbele kabisa, vijiti vya ami vikatwe. Gundi yake, wallahi, imekula meno ya msumeno wangu wote.

Jana kijana kaniuliza propela: 10x6 au 11x5.5? Hapo sasa kanikuta. Hesabu ya kuzidisha hainishindi. Nikapiga: sitini, na sitini na nusu. Nikamwambia anifungie ya sitini na nusu, nisije nikapungukiwa hewani.