Keki ya Victoria Kando ya Ziwa Victoria: Mwongozo kwa Mwenye Jiko la Mkaa na Majirani Wengi

Kabla ya kugusa unga, isome resipe mpaka ujue mwandishi wake alisimama wapi alipokuwa anaoka. Ikisema "washa oveni nyuzi 180", "mayai matatu makubwa" na "siagi iliyolainika kwa joto la chumba", imetoka kwa mtu mwenye oveni ya umeme, kuku wa kisasa na chumba chenye baridi. Wewe uko Kamanga, wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya jiji la Mwanza. Una jiko la mkaa, mayai ya kienyeji, na chumba ambacho ikifika saa nane mchana siagi haihitaji kulainishwa na mtu. Vifaa vyako vinatosha. Resipe ndiyo bado iko ng'ambo, na kazi yako ni kuivusha.

Nalisisitiza hili kwa sababu huku kwetu wapo wenye mikono mizuri kabisa walioacha kuoka vitu vipya baada ya keki mbili kudidimia. Wakarudi kwenye maandazi na vitumbua, wakisema keki ina wenyewe. Hapana. Kilichowaangusha ni mita 1,134.

Huo ndio mwinuko wa ziwa letu kutoka usawa wa bahari, kwa makadirio. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Unguja. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100, na gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka zaidi. Keki inaumuka kwa pupa, inapanda kabla unga haujashika, kisha inanywea katikati na kukuachia shimo. Aliyeandika resipe yake Unguja hakukudanganya, ila yeye anaokea baharini. Basi kwa kila kijiko kidogo cha beking pauda, punguza sehemu moja ya nane. Wala hiyo haihitaji kipimo cha dukani: jaza kijiko, kisawazishe, mwaga juu ya sahani kavu, gawa kwa ncha ya kisu nusu kwa nusu, gawa tena, gawa tena, kisha weka kando kipande kimoja kidogo. Kwa kila kikombe cha sukari toa kijiko kikubwa kimoja, na maziwa yaongeze kidogo, kwa sababu huku majimaji hukauka upesi.

Keki ya kuanzia ni ile ya Victoria, ya matabaka mawili yenye jamu katikati. Siichagui kwa mbwembwe. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua na kulivuka tangu enzi, akalipa jina la malkia wake. Keki nayo ikapewa jina la malkia yuleyule. Mtu wa ufukweni anayo haki kamili ya kuioka vizuri kuliko mtu wa London.

Uzuri wa pili ni kwamba kwa njia yake ya zamani keki hii haihesabu mayai, inayapima. Hapa ndipo resipe nyingi zinapotuangusha. Yai la kuku wa kienyeji lina gramu 40 hivi. La kisasa lina 55 au 60, na lile linaloitwa "kubwa" Uingereza linavuka 63. Ukiambiwa mayai matatu ukaweka ya kienyeji, umekosa zaidi ya theluthi moja ya mayai uliyotakiwa kuweka, na keki itatoka kavu hata ukiipigia magoti. Nenda na mayai yako kwa muuza duka mwenye mizani, msalimie vizuri, mwombe akupimie yakiwa na maganda. Tuseme mayai manne yamekuja gramu 160. Pima siagi 160 na unga wa ngano 160. Sukari weka 150, kwa sababu ya ile hesabu ya mwinuko. Beking pauda kijiko kidogo kimoja na robo. Maziwa vijiko vikubwa viwili.

Siagi na sukari zipige asubuhi, kabla jua halijapanda. Siagi iliyokwisha kuyeyuka haishiki hewa, na hewa hiyo ndiyo nusu ya keki. Kama siagi imekuwa mafuta, tumbukiza bakuli lake kwenye maji ya mtungi kwa muda, kisha endelea. Samli nzuri ya Usukumani iache kwa kazi nyingine. Haina maji, na ikiwa imeyeyuka haitaumuka ukiipiga na sukari. Ihifadhi kwa visheti, huko hakuna wa kuishinda.

Na jambo ambalo resipe ya Ulaya haiwezi kulijua: mafuta hunyonya harufu. Dagaa wakianikwa upande upepo unakotoka, siagi iliyoachwa wazi jikoni italeta habari zao mezani. Ifunike kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana tangu siku unapoinunua.

Sasa moto. Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa. Chini weka mchanga mkavu wa ufukweni, uliochekechwa na kuoshwa na kuanikwa, unene wa vidole viwili. Usiweke mchanga mbichi, utatoa mvuke na keki itapikwa badala ya kuokwa. Pasha moto sufuria tupu mpaka mchanga uwe wa moto sawasawa, ndipo uingize chombo cha keki juu ya vijiwe vitatu. Makaa mengi yaende juu ya mfuniko, machache yabaki chini. Anayeweka mengi chini anapata keki nyeusi kitako na mbichi kifua.

Kujua joto bila kipimo, weka unga kidogo kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria. Ukiwa mweusi mara moja, toa makaa. Ukibaki mweupe muda mrefu, ongeza. Ukigeuka taratibu ukawa rangi ya chapati iliyoiva vizuri, weka keki yako, funika, na ondoka hapo.

Kuondoka ndiyo sehemu ngumu, maana Kamanga jiko liko uani na uani pana watu. Shangazi atafunua aone imefikia wapi. Watoto watafunua kwa sababu shangazi alifunua. Kila mfuniko unapoinuliwa, joto linatoka na keki inayoumuka inaanguka. Mkabidhi shangazi mwenyewe ulinzi wa jiko, tena kwa heshima: "Shangazi, nisaidie hapa, asifunue mtu." Hakuna mlinzi bora kuliko yeye akishapewa dhamana.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Jiko lililokaa kimya saa tatu asubuhi litanguruma saa tisa, na mkaa uleule utaunguza kilichoiva vizuri jana. Kwa hiyo oka asubuhi, au weka jiko nyuma ya ukuta. Usiku nao jihadhari na taa: vidudu vidogo vya ziwani vikija kwa makundi vinaifuata, na krimu ikiwa wazi chini yake utaitoa kwa kijiko yote. Paka krimu mchana.

Jirani yangu mmoja huoka hivi kila anapopata nafasi, na ana daftari la shule ambalo kulia anaandika kilichoenda vizuri na kushoto kilichoharibika. Kushoto kumejaa zaidi, na ndiko wenzake wanakoomba kusoma. Kuna ukurasa wa mkate wa kumimina, ule wa Kizanzibari wa mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui, hamira na iliki. Alitumia mchele mpya wa msimu, akaweka tui kama alivyoelekezwa na mtu wa pwani, ikawa uji. Mchele uliotoka shambani juzi bado una maji yake; kwa mkate huu tafuta wa zamani, na tui limimine kidogo kidogo. Mbele ya ukurasa huo ameandika neno alilolitamka shemeji yake baada ya kuonja: "Shemeji, huu ni ugali wenye sukari." Hakununa. Aliandika, akapiga mstari chini yake, na mkate uliofuata ulitoka na vile vitundu vyake vyote.

Maneno ya namna hiyo yatafute kwa bidii, kwa sababu watu wetu wana adabu mno. Ukimpa mgeni kipande cha keki atasema "tamu sana, mama, asante", hata kama amemeza kwa shida. Usimwulize kama ni tamu. Mwulize ungepunguza nini. Halafu angalia sahani za watoto: mtoto hawezi kula kwa adabu kitu asichokipenda.

Shira ya kaimati na visheti inahitaji hesabu yake. Resipe yenye kipimajoto ikisema nyuzi 110, wewe toa nne, usimame kwenye 106. Ukingoja 110 huku, shira imeshavuka hatua yake na visheti vitavaa ganda la sukari gumu. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye sahani baridi na kulivuta kati ya vidole viwili. Uzi ukitoka, tosha.

Keki iliyodidimia usiitupe, na usiifiche chini ya krimu nene. Imege vipande, panga kwenye bakuli, nyunyizia maji ya machungwa, na ya Ukerewe yakipatikana chukua hayo. Kisha weka nanasi lililokatwa vipande vidogo na umwagie kastadi ya uvuguvugu. Kastadi ya unga aliibuni mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1837, kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Mwaka 1843 akabuni na beking pauda, kwa kuwa mwanamke huyohuyo hamira pia ilimdhuru. Mtu alimwandalia mkewe chakula nyumbani, na leo nusu ya vitu vitamu vya mji wetu vinategemea majaribio yake. Nampenda sana huyo bwana kuliko mabingwa wote wa keki za ghorofa tano.

Lakini ushindi mkubwa kwenye lile daftari haukutoka Birmingham wala Unguja. Ulitoka kwenye viazi vitamu, ambavyo Usukumani huanikwa kwa namna mbili: michembe, vinavyokatwa vibichi na kukaushwa, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza. Matobolwa yana utamu mzito wa kutafuna na hayaozi upesi. Jirani yangu aliyaloweka usiku kucha kwenye maziwa ya moto yenye iliki, akayaponda, akachanganya na mayai mawili na sukari kidogo mno, akaoka kwenye sufuria ileile ya mchanga. Ikatoka pudini ya kahawia, laini ndani, yenye ukingo ulioshikana. Wazee walioifahamu ladha hiyo tangu utotoni waliomba kuongezwa, na hakuna aliyeomba kwa adabu.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, navyo vinaingia kwenye keki vizuri: theluthi moja ya unga toa, badala yake weka viazi vilivyopondwa. Wengi hukosea kwa kuvichemsha. Vinakunywa maji, kisha keki inabaki mbichi kati. Vipike kwa mvuke au uvichome na maganda yake, viache wazi vipoe na kukauka, ndipo uponde, na maziwa ya resipe upunguze. Mtoto atapata vitamini A bila kuambiwa, na rangi ya viazi hivyo inapendeza kuliko rangi zote za chupa. Ningetamani kila harusi ya upande huu iwe na tabaka moja la viazi lishe, lenye jamu ya nanasi la huku kwetu. Nasema hivyo kwa dhati, maana tunalipia jamu za mbali wakati mananasi ya Geita na Sengerema yanaozea sokoni.

Hadi hapo keki imetoka vizuri na mtu wa mjini ameiagiza. Tangu Juni 2025 liko daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lakini wa Kamanga akienda katikati ya jiji anapanda kivuko. Iache keki ipoe kabisa usiku mzima, maana ya moto ikifunikwa inatoa jasho na kulowa. Ivushe ikiwa mikate miwili iliyotengana, kila mmoja kwenye boksi lake, na kitambaa kibichi kilichokamuliwa chini ya boksi lisiteleze. Beba mwenyewe mapajani. Ukiiweka sakafuni kuna magunia, kuna ndoo, kuna kuku. Jamu iwe kwenye chupa, krimu kwenye chombo chenye barafu, kisu kwenye mkoba. Ukishuka upande wa pili na kufika kwa mteja, omba meza na maji ya kunawa, ndipo uipake na kuiunganisha hapo hapo, mbele yake, na umwachie bei uliyomwambia tangu jana.