Sifa za Meseji ya "Ile Hela"

Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni maandishi mafupi ya simu yanayomtaka mpokeaji alipe deni ambalo mwandishi hana habari nalo. Hupatikana Tanzania nzima, mjini na kijijini, masika na kiangazi. Kwa kawaida huja bila salamu, bila kutaja kiasi na bila jina la anayedai. Kinachotajwa ni namba ya kupokelea, pamoja na taarifa ya upole kwamba "jina litakuja" la mtu fulani ambaye mpokeaji hajapata kumsikia. Wananchi huiita utapeli, na sheria iko upande wao. Lakini haki itendeke: wengi wameandika kuhusu uungwana, na hakuna hata mmoja aliyeupima nyumba kwa nyumba, kila siku ya Mungu, kwa gharama ndogo namna hii.

Nasaba yake ni ya zamani. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua za posta za "mfungwa wa Hispania", tajiri aliyesemekana kufungwa kwa hila, ambaye alihitaji fedha kidogo tu za kumtoa gerezani ili agawane hazina yake na mfadhili. Katika miaka ya 1980 ukoo huo ukastawi Nigeria kwa barua na faksi, ukapata jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu udanganyifu. Mababu hao walikuwa wachapakazi. Walibuni majenerali marehemu, mabinti yatima, masanduku ya dhahabu na mihuri ya benki, wakaandika kurasa kwa kurasa. Meseji ya ile hela imevitupa vyote. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160, na yenyewe hutosheka na pungufu ya hapo, mengine ikamwachia msomaji. Haimwahidi mtu utajiri, inamkumbusha wajibu wake tu, na kwa adabu hiyo imewapita mababu wote.

Isingezaliwa, hata hivyo, bila huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpelekea mama yake hela kijijini alimkabidhi bahasha kondakta wa basi. Kondakta alikuwa na sura, basi lilikuwa na jina, na stendi ilikuwa na mashahidi. Tapeli wa zama hizo alilazimika kuamka alfajiri na kuvaa vizuri.

Ufundi wa kwanza wa meseji hii ni kutojua chochote. Mwandishi hutuma maneno yale yale kwa namba nyingi, akitegemea ukweli mmoja: wakati wowote Tanzania kuna watu walio mbioni kumtumia mtu hela. Kuna kodi ya nyumba, ada ya shule, kiporo cha fundi, mchango wa harusi ambao kamati imeshaukumbushia mara mbili, zamu ya mchezo wa akina mama, na kijana aliyekwama safarini. Wengi watacheka na kufuta. Mmoja aliyekuwa ameshika simu akitafuta namba ya mwenye nyumba atashukuru kwamba namba imekuja yenyewe. Kiasi anakijua, sababu anaijua, na sura ya mdai anayo kichwani. Hakuna tapeli ambaye angeweza kumtungia hadithi iliyokamilika hivyo. Kodi hasa ndiyo shamba lenye rutuba. Wapangaji wengi hulipa miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo hela ni nyingi. Tena mpangaji anayempigia mwenye nyumba kuuliza kama namba ni yake kweli huogopa kuonekana anatafuta kisingizio cha kuchelewesha.

Ufundi wa pili, ambao ungefaa kufundishwa vyuoni, uko katika yale maneno "jina litakuja". Watoa huduma waliweka kinga nzuri: kabla muamala haujakamilika, simu humwonyesha mtumaji jina la aliyesajili laini inayopokea. Jina geni lilikusudiwa kumshtua. Meseji haikupambana na kinga hiyo wala haikuikwepa. Humtaarifu mtumaji mapema kwamba jina geni litatokea, kisha jina linatokea kweli, herufi kwa herufi, na mtumaji anatulia kwa kuona kila kitu kiko sawa. Kilichowekwa kuleta shaka ndicho sasa kinachoiondoa. Na jambo lenyewe si la ajabu mtaani, maana mwenye nyumba hutumia laini ya mkewe, fundi hutumia ya shemeji yake, na muuza mboga hupokelea kwa jirani. Wahandisi walitengeneza mfumo mzima, wakajibiwa kwa maneno mawili.

Serikali nayo haikukaa kimya. Laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni zikawa za kutwa. Tangu hapo kila meseji ya ile hela inatoka kwenye laini yenye mwenyewe aliyethibitishwa rasmi, isipokuwa kwamba mwenyewe mara nyingi ni mtu mwingine kabisa. Msajili asiye mwaminifu, aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara, humwambia mteja kuwa kidole hakijasoma, arudie. Kidole cha kwanza kimesajili laini ya mteja, cha pili kimesajili laini ya kazi. Mzee wa watu anarudi nyumbani na laini moja mfukoni, na ya pili inadai kodi kwa jina lake mkoa mwingine. Kubonyeza *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua anaipeleka kwa mtoa huduma ifungwe. Ni dakika moja tu, na wengi hawajawahi kuitumia, jambo ambalo waandishi wa meseji wanalishukuru sana.

Takwimu za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, huonyesha majaribio ya ulaghai yametokea mikoa gani, na Rukwa na Morogoro zimetajwa mara kwa mara kileleni. Zamani mikoa hiyo ilikuwa ikisifiwa kwa mahindi na mchele tu.

Meseji hii ina ndugu, na karibu kila mmoja amekabidhiwa fadhila yake ya kibinadamu. Anayejitambulisha kama mwalimu mkuu na kusema mtoto ameanguka shuleni, hela ya matibabu itumwe haraka, amekabidhiwa upendo wa wazazi. Yule wa "samahani, nimekosea kutuma, naomba unirudishie" amekabidhiwa uaminifu. Hutanguliza ujumbe uliotungwa ufanane na wa muamala, lakini umetoka kwenye namba ya kawaida na salio halijaongezeka hata shilingi. Anayepiga akijiita huduma kwa wateja, akamwelekeza mtu abonyeze hiki na kile mpaka amalizie na namba ya siri, anaishi kwa heshima ambayo watu huipa ofisi. Nchini Kenya simu za namna hiyo zimekuwa nyingi kiasi kwamba jina la gereza la Kamiti limegeuka mzaha wa kuwaitia wapigaji, hata wale wanaopiga kutoka sebuleni kwao. Meseji za Freemason zinazoahidi magari na majumba, na zile za mganga wa kuvuta mali, ndizo zinazotegemea tamaa. Hizo hazistahili sifa kubwa. Ni kazi ya wavivu, na ndiyo maana huchekwa kuliko zote.

Kutokana na hayo kunafuata jambo ambalo wahubiri wangependa lisiwe kweli. Mtu asiyelipa madeni hawezi kutapeliwa kwa meseji ya ile hela. Anaisoma kama anavyozisoma za wadai wake wa halali, kisha anaendelea na chai. Baba asiyejua mwanawe anasoma shule gani yuko salama kabisa na mwalimu mkuu wa bandia. Anayekalia hela za watu zilizoingia kwa makosa hatasumbuliwa na ombi la kurudisha. Wanaopigwa ni wale wanaolipa kabla hawajakumbushwa, wanaotuma kabla hawajauliza, na wanaoona aibu kumshuku mwenzao. Usemi unaorudiwa kila anapopatikana mwathirika, kwamba "tamaa imemponza", ungefaa kwa wateja wa Freemason. Kwa aliyelipa kodi ya nyumba ni uonevu mtupu.

Faida zake kwa jamii si haba. Imewarudisha watu kwenye mazungumzo: kijana aliyezoea kumtumia mama yake hela bila hata salamu sasa humpigia kwanza, wakaulizana hali. Imeleta usawa, kwa kuwa humfikia hakimu, dereva wa bodaboda na askofu kwa maneno yale yale. Imetoa ajira kwa wachora mabango na watangazaji wa kampeni za kuwaonya watu. Imekuza hata utani, maana wapo wanaoijibu "nimeshatuma, angalia salio" na wapo wanaomwomba mwandishi awarushie vocha kwanza.

Rafiki yake mkubwa, na hapa sifa zinaanza kumpalia msifu, ni aibu ya waliotapeliwa. Aliyeibiwa mbuzi hupiga yowe, kijiji kikatoka na marungu. Aliyeibiwa kwa simu hunyamaza, kwa sababu kidole kilichoingiza namba ya siri kilikuwa chake. Humficha mume, humficha mke, na mara nyingi hukopa ili deni la kweli lilipwe bila mtu kujua. Wakati huohuo tapeli anahitaji dakika chache tu: hela ikishafika hutolewa kwa wakala au huhamishiwa laini nyingine, na ikishatoka hivyo kuirudisha ni kazi ngumu. Saa moja ya kujilaumu kimyakimya ni saa ya kutosha kabisa kwa upande wa pili. Anayempigia mtoa huduma wake papo hapo, akaeleza muamala na namba iliyopokea, ana nafasi ya kuikuta hela bado haijatolewa ikazuiwa. Taarifa ya polisi nayo ina kazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua ulaghai wa aina hii kuwa kosa la jinai, na uchunguzi huanza na taarifa ya aliyeibiwa.

Udhaifu wa meseji hii ni mmoja, nao ni mdogo kiasi cha kumsikitisha mtu aliyeusifu ufundi wake mpaka hapa. Haiwezi kustahimili simu ya sauti. Mpokeaji akimpigia mwenye nyumba, fundi au mweka hazina wa kamati ya harusi kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, kila kitu kinaporomoka kabla salamu hazijaisha. Namba hiyo lazima iwe ile ya zamani, kwa kuwa namba iliyomo ndani ya meseji itapokelewa vizuri mno, na kwa sauti yenye mafua. Kwa ndugu zake hali ni hiyo hiyo. Mzazi anapiga kwa namba ya shule iliyoandikwa kwenye fomu, wala hajibu ujumbe uliomfikia. Anayeambiwa amepokea hela kwa makosa anaangalia salio kwanza, na kama hela imeingia kweli anamwachia mtoa huduma airudishe. Simu ya huduma kwa wateja inayotoka kwenye namba ya mtu binafsi inakatwa: nchini Tanzania namba ya huduma kwa wateja wa mitandao ya simu ni 100, na nchini Kenya Safaricom huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000. Na popote pale, hakuna mfanyakazi halali anayehitaji kuambiwa namba ya siri ya mteja.

Meseji yenyewe haistahili kufutwa haraka, hata na aliyeing'amua mara moja. Nchini Tanzania hutumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti ulaghai, pamoja na namba iliyoileta, ili laini hiyo ishughulikiwe. Nchini Kenya mteja wa Safaricom huituma kwenda 333. Anayeifuta bila kufanya hivyo amejiokoa mwenyewe tu, na laini ile inaendelea kumtafuta mpangaji mwingine.