Mhadhara wa Bingwa wa Sokwe

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa idara, na nyinyi mliofuata chakula cha mchana: itifaki yote imezingatiwa. Mbele yenu amesimama bingwa wa sokwe Afrika Mashariki na Kati, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye sifa za kunitunuku.

Mwaka 1960, kule Gombe, Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, kisha akilichomoa na kula mchwa walioling'ang'ania. Tena ikaonekana sokwe hupukutisha kwanza majani ya kijiti. Wanazuoni wakataharuki, maana utengenezaji wa zana ulidhaniwa ni wa binadamu peke yake. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nisingetaharuki.

Sasa swali zito: mtoto wa sokwe hujifunzaje? Nimesaka mtaala, hakuna. Nimeulizia semina elekezi, hakuna! Mama anavua mchwa wake, mtoto yuko ubavuni anakodoa macho. Anaokota kijiti kilichotupwa, anajaribu, anakosa, anarudia. Mchango wa mama ni kuvumilia usumbufu. Huu ni uzembe wa kitaaluma.

Na matokeo yake yanatutia aibu wanaume. Utafiti wa Gombe uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba mabinti huanza kuvua mchwa takriban miaka miwili kabla ya kaka zao, na huzamisha kijiti kwa kina kile kile cha mama. Kaka zao wako wapi? Wanabiringishana vumbini. Ndugu uliyecheka safu ya nyuma, nimekuona.

Kule Bossou, Guinea, sokwe hupasua kokwa za michikichi kwa mawe mawili, moja la kuwekea, jingine la kugongea. Mtoto huanza kufaulu akiwa na miaka kama mitatu hadi mitano. Miaka yote hiyo bila slaidi hata moja! Afadhali eneo la Goualougo, Kongo, ambako mama wameonekana wakiwakabidhi watoto vijiti vyao. Hapo naona dalili za utawala bora.

Napendekeza warsha ya siku tano, ufukweni, kuwajengea uwezo mama sokwe. Mada zote nitawasilisha mimi. Posho zao nitawapokelea, kwa kuwa hawana akaunti benki.