Ahadi ya Machi

Wanaosema uzembe wa ofisini ni ugonjwa wa Kiafrika hawakuwa wakulima Uingereza mwaka 2006. Wakala wa serikali wa malipo ya vijijini uliahidi kutoa asilimia 96 ya ruzuku za Umoja wa Ulaya, za jumla ya pauni bilioni 1.5 hivi, kabla Machi haijaisha. Machi ikaisha, zimetoka asilimia 15. (Ilibidi kwanza kuhakiki ramani za mashamba, na ramani, bwana, zina mambo yake.) Umoja wa Ulaya nao haukopeshi subira: malipo yakipita Juni 30, serikali iliyolipa hairudishiwi sehemu ya fedha. Basi mkulima akacheleweshewa chake, kisha kwa kodi yake akachangia kulipia waliomchelewesha. Mkuu wa wakala akaondolewa. Waziri mhusika, Margaret Beckett, Mei akapandishwa Mambo ya Nje, ambako hakuna mkulima anayesubiri hundi.