Hasara ya Kuifunga Yanga

Jambo baya kuliko yote linaloweza kuipata timu ya mpira ya Shinyanga ni kuifunga Yanga. La pili kwa ubaya ni kuifunga Simba. Kufungwa na vigogo hao wawili wa Dar es Salaam hakuna madhara makubwa: mnapokea kichapo chenu, mnahesabu mapato ya mlangoni, Jumatatu mnarudi mazoezini mkiwa na akili timamu. Ushindi ndio unaoangamiza. Najua hoja hii inasikika kama ya mtu aliyechanikiwa mkeka Jumamosi akaamua kulipiza kisasi kwa mantiki, lakini ushahidi ninao, na umo kwenye kumbukumbu za ligi ambazo kila mwenye simu anaweza kuzifukunyua.

Tuanze na Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi na kuingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Septemba 2016 iliifunga Yanga 1-0 kwenye Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, bao la Pastory Athanas. Mji haukulala. Ilipofika Disemba, Pastory alikuwa mchezaji wa Simba. Yaani bao moja, miezi mitatu, na mshambuliaji hayupo: Yanga imepoteza pointi tatu, Simba imepata mtu, na Stand imebaki na kumbukumbu. Sasa nenda msimu wa 2018/19, ambao kwangu ndio msahafu wa hoja hii. Septemba 2018, Uwanja wa Taifa, Mrundi Alex Kitenge aliifungia Stand mabao matatu peke yake mbele ya umati wa Yanga, na Yanga ikashinda 4-3. Januari 2019 Yanga ikaja Kambarage ikiwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu huo, ikalazwa 1-0. Redio zote nchini zikaitaja Shinyanga. Mei ligi ikaisha, na Stand, timu iliyovunja mwiko wa Yanga, ikashuka daraja.

Mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya timu moja. Haya, twende Mwadui, kwenye almasi. Oktoba 2019 Mwadui iliichapa Simba 1-0 hapohapo Kambarage, bao la Gerald Mdamu, Simba ikionja kipigo chake cha kwanza msimu ule. Mwaka 2021 Mwadui haikuwepo tena Ligi Kuu. Vuka uende Mwanza: Mbao iliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kuibana Simba kwenye fainali hadi muda wa nyongeza, mwaka 2020 ikaangushwa na Ihefu kwenye mchujo na kuzama. Na Kagera Sugar ndiyo inayonifanya nicheke mpaka sasa. Msimu uleule wa 2018/19 iliifunga Simba nje ndani, Kaitaba na Dar es Salaam, Simba iliyokwenda kutwaa ubingwa. Pointi sita kutoka kwa bingwa! Halafu ikamaliza pabaya kiasi cha kulazimika kucheza mchujo na Pamba ili isishuke.

Hesabu yake ni nyepesi kuliko ya muuza karanga. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38. Simba na Yanga ni mechi nne. Zinabaki 34, nazo ndizo zinazoamua nani analala wapi mwezi Mei. Lakini tazama jinsi timu zetu zinavyoziishi mechi nne hizo. Wiki moja kabla Yanga haijaja, mazoezi yanafungwa milango kana kwamba kuna siri. Wadau ambao tangu ligi ianze hawajaonekana wanaibuka kambini wakiwa na bahasha, kila bao na bei yake. Kipa analetewa glavu mpya. Wachezaji wanaokaa wiki kadhaa wakidai mishahara wanapewa kishika uchumba. Siku ya mechi beki wa kulia anakimbia kama anafukuzwa na nyuki, kwa sababu anajua mechi iko kwenye runinga na jukwaani yuko mtu wa usajili amevaa miwani ya jua. Huyo beki hachezei Stand siku hiyo. Yuko kwenye usaili wa kazi. Na simlaumu hata kidogo, maana aliona Pastory alivyofika Msimbazi, kwa Simba.

Halafu siku nne baadaye kuna safari ya kwenda Mtwara kucheza na Ndanda. Shinyanga hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, kwa basi, miguu imekunjwa, na mdau mwenye bahasha hayumo ndani ya basi hilo. Bahasha imeshaisha. Hakuna runinga, hakuna miwani ya jua, jua lenyewe ndilo lipo. Beki wa kulia anakimbia kwa staha. Mnafungwa moja bila, bao la kona, dakika ya 80, na huko nyumbani hakuna anayeuliza, kwa sababu kijiwe kizima bado kinasimulia jinsi Yanga walivyotoka Kambarage vichwa chini. Pointi tatu za Yanga zimekwisha kuliwa kabla ya kuivishwa.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba pointi tatu ni pointi tatu, ziwe za Yanga au za Ndanda. Nakubali, tena nashukuru, maana hilo ndilo ninalolisema. Kama thamani ni moja, kwa nini za Yanga zinunuliwe kwa bei ya dhahabu na za Ndanda zisitengewe hata chakula cha njiani? Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu asiyejua kusoma anaelewa kwamba kama mawe ya maduara mawili yanatoa gramu sawa, unachimba lile lililo karibu na karasha.

Lakini ushahidi unaonipa kiburi zaidi si wa waliozama bali wa aliyeogelea. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22. Ilianza vibaya, ikabadilisha kocha, Fred Felix Minziro akashika usukani, na ikamaliza nafasi ya nne. Ya nne, timu mgeni! George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Sasa niulize: katika msimu huo mtamu, Geita iliifunga Yanga mara ngapi? Hata mara moja, kwa sababu Yanga ile haikufungwa na mtu msimu mzima. Na Simba je? Nayo haikuifunga, mavuno yake makubwa kwa Simba yalikuwa sare ya 1-1 pale Kirumba, Mwanza. Geita ilikwenda Kombe la Shirikisho la Afrika bila kumwangusha mkubwa yeyote, kwa kuokota pointi zake kwa wadogo wenzake, wakati wenye mbwembwe wanasubiri Yanga waje. Ni kweli huko Afrika ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa bao la ugenini, na ni kweli Mpole akaenda Lupopo ya Kongo, na ni kweli pia kwamba mwaka 2024 Geita ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Sikusema kutoifunga Yanga ni kinga ya maisha. Nimesema kuifunga si tiba.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mhasibu. Anasema: bila Simba na Yanga kuja Shinyanga, mishahara italipwa na nani? Jukwaa linajaa siku hizo tu. Hapo mhasibu ana haki, sina la kumwambia kuhusu daftari lake. Siku Simba inacheza Kambarage bodaboda wanafunga bendera tangu asubuhi, watu wanatoka Kahama na Maswa, muuza maji ya kandoro anamaliza ndoo tatu. Ila mhasibu akitulia ataona kwamba kiingilio kinakusanywa kabla mpira haujaanza. Tiketi haina sehemu iliyoandikwa matokeo. Simba inaleta pesa ikishinda, ikifungwa, hata ikitoka sare ya kusinzia. Tena nithubutu kusema inaleta nyingi ikishinda, kwa kuwa nusu ya waliokaa jukwaani, na hapa naomba radhi kwa wenyeji, wamevaa jezi nyekundu. Anayeitwa shabiki wa Stand mara nyingi ni shabiki wa Yanga anayeishi Shinyanga. Stand ikifungwa na Simba anaumia kwa sababu ya Yanga. Stand ikiifunga Yanga anaingia kwenye mgogoro wa nafsi ambao hospitali ya mkoa haina dawa yake.

Wapo wanaolitafutia tatizo hili mzizi kwenye udongo. Wanasema ndivyo tulivyo watu wa machimbo: mtu akipiga jiwe lenye nyama leo, kesho yuko Katoro anawanunulia bia asiowajua, keshokutwa anakopa nauli ya kurudi shimoni. Ni hadithi nzuri, na wanaoisimulia huwa wamevaa viatu safi. Lakini Kagera kuna miwa na ndizi, haina mgodi wa kuisingizia, na ugonjwa ni uleule. Na Kenya je? Aprili 2016 timu yao ya raga ya wachezaji saba ilitwaa taji la Singapore kwa kuitandika Fiji 30-7 kwenye fainali. Fiji! Kwenye raga ya saba, hao ndio wakubwa wenyewe. Nairobi ikawaka. Agosti mwaka huohuo, michezo ya Olimpiki ya Rio, Fiji wakachukua medali ya dhahabu, na Kenya ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Wakenya hawakuambukizwa na zebaki ya Geita. Aliyemwangusha mkubwa huanza kujiona amemaliza kazi, na aliyeangushwa hurudi kwao kukaza buti.

Raga ninaionea wivu kwa jambo jingine. Kwenye ligi nyingi za raga, timu ikipoteza kwa tofauti isiyozidi pointi saba hupewa pointi moja ya kufutwa machozi, na ikipiga trai nne hupewa nyingine hata kama imefungwa. Kwa mahakimu wa huruma kama hao, Stand ya Kitenge isingerudi kutoka Taifa mikono mitupu baada ya ile 4-3. Wenzetu wa soka hawajui huruma. Wanakupa sifa redioni, na sifa haina safu kwenye msimamo wa ligi.

Wengine watanirudisha kwenye mambo ya nje ya uwanja: waamuzi, wafadhili, viongozi. Waamuzi walimchosha Jamhuri Kihwelu, Julio, mpaka akaiachia Mwadui mwaka 2016. Na mwaka huohuo Stand ikagawanyika makundi mawili, wanachama upande huu na kampuni upande ule, mpaka mfadhili, kampuni ya migodi ya Acacia, akafungasha. Siyakatai hayo. Ila angalia kalenda: katikati ya vurugu hizo ndipo ilipofungwa Yanga ya Septemba 2016, na ushindi ule ukawapa wote kisingizio cha kutosuluhisha kitu. Timu iliyoifunga Yanga ina shida gani?

Wala tusiambiwe kwamba ukanda huu haujui kupiga hesabu za msimamo. Tunajua, tena kupita kiasi. Mwaka huohuo wa 2016, Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikiwania nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao, na siku ya mwisho Geita ikashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa huku Polisi Tabora ikishinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Mabao 15, alasiri moja. TFF, shirikisho la soka nchini, haikucheka, iliona upangaji wa matokeo, ikatoa adhabu za kushusha daraja, na nafasi ikaangukia kwa Mbao. Hiyo ndiyo siku pekee ninayoikumbuka ambapo mechi zisizo na Simba wala Yanga zilichezwa kwa bidii yote, na bidii yenyewe ikafunguliwa mashtaka.

Nani basi wa kunipinga kwa vitendo? Msimu wa 2024/25 Stand na Geita zote zilikuwa Ligi ya Championship, ambako hakuna Yanga wala Simba ya kumzuzua mtu, na zote zikamaliza ndani ya nne bora. Nadharia yangu ikanawiri kama mpunga wa Kahama. Kisha kanuni zikazikutanisha zenyewe kwa zenyewe kwenye mchujo, kama zilivyowahi kukutanishwa Mwadui na Geita mwaka 2019. Stand ikapita, ikaenda kugongana na Fountain Gate ya Ligi Kuu, ikafungwa na kubaki chini. Timu ilihitaji beki wa kulia asiyekimbia kwa msimu wa bahasha. Lakini mazungumzo ya kijiweni, hata kabla ya mchujo huo kuisha, yalishafika mbali: Yanga watakuja lini, na jukwaa la mzunguko litakuwa shilingi ngapi.