Namna ya Kubisha Hodi Baharini

Mgeni mwenye adabu huuliza kwanza saa ya wenyeji. Pwani ya Watamu maji hupwa mara mbili kwa siku, na ukifika yakiwa yamejaa utapiga hodi bure, maana wenyewe wote wako chini. Ngoja bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji hutoka mbali, na mnamo saa nne au saa tano asubuhi mwamba huwa wazi. Maji mafu hayakufai.

Hapa viatu havivuliwi mlangoni. Vaa vya soli nene, kwani samaki-jiwe hulala kimya kati ya mawe, rangi yake ile ile ya mwamba, na miiba ya mgongo wake hupenya soli nyembamba. Akikuchoma, loweka mguu katika maji ya moto kadiri unavyovumilia bila kuungua, kisha hospitali mbio.

Mikono weka nyuma. Zile kombe nzuri zenye umbo la pia zina mwiba wa sumu, na sumu hiyo haina dawa ya kuivunja. Jongoo bahari naye ukimminya huweza kukutolea nyuzi zinazonata, au hata matumbo yake. Mwache ale mchanga wake. Akiutoa, huwa umepungua uchafu.

Kwa kiti cha pweza, chutama kabisa. Usimtoe majini ili upige naye picha, kwani pumzi yake imo katika maji hayo. Subiri kidimbwi kitulie, umwone akisogea taratibu kwa vijiguu vyake mamia. Pweza mwenyewe utamtambua kwa maganda ya kaa yaliyorundikana mdomoni mwa tundu lake. Kaa kimya hapo. Jicho litachungulia, ngozi itageuka kutoka kahawia hadi kijivu, na papo hapo itaota vinundu kama jiwe lililo kando yake. Ndani ya mwili huo laini inadunda mioyo 3! Msalimie, upite.

Zawadi usichukue. Kombe uliyoiona tupu inasubiriwa na kaa ambaye gamba lake la kuazima limeshambana. Isitoshe, Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968, na kuokota kombe humo ni kosa.

Maji yakianza kujaa, aga mapema kabla hayajakukatia njia. Na tafadhali, ndugu msomaji, rudi mikono mitupu.