Breki ya Kisigino

Mtu aliyezaliwa Nyamira, akakulia katika nchi ambayo kila njia ama yateremka mtoni ama yapanda kutoka mtoni, akitamani katika mwaka wa 48 wa umri wake kuvaa viatu vyenye magurudumu manne yaliyofuatana mstari mmoja, hana haki ya kustaajabia yatakayomfika. Nami sikustaajabu; niliumia tu. Viatu vyenyewe nilivipata katika mitumba ya Daraja Mbili, mjini Kisii, na muuzaji aliniuliza kwa upole kama namnunulia mjukuu.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu wa miaka 14, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, na darasa letu lilikuwa sakafu ya saruji ya kituo cha kupimia majani chai, mahali pa pekee palipo tambarare kijijini, siku za Jumapili. Kwani Jumamosi Wasabato, ambao ni wengi kwetu, wasingelitazama jambo hilo kwa jicho la huruma.

"Mjomba, kunja magoti kama unakama ng'ombe. Visigino vikaribiane, vidole vitazame nje. Usisukume nyuma, sukuma kando. Ukiona unaanguka, anguka mbele, juu ya kinga za magoti."

Sikuyapinga, walakini mwili wa mtu mzima una adabu zake za kale, na kila ulipohisi hatari ulisimama wima kwa taadhima, kama mbele ya chifu, na hapo magurudumu yakatangulia, nami nikabaki nyuma nimekaa juu ya saruji.

Nilijiliwaza kwa kisa cha John Joseph Merlin, fundi hodari wa karne ya 18, ambaye yasimuliwa kuwa aliingia karamuni London juu ya viatu vya magurudumu alivyojitengenezea, akipiga fidla, na kwa kuwa hakujua kusimama wala kugeuka, alikivaa kioo kikubwa cha thamani, akakivunja kioo, akaivunja na fidla. Mimi angalau sikuwa na fidla.

Wiki ya tatu ghururi iliniingia, nisiweze kungoja Jumapili, na Jumatatu asubuhi nikatoka kituoni hadi ukingo wa lami, hatua mbili tu, nipate kuonekana. Lami ikanipokea. Breki ya viatu hivi ni kipande cha mpira nyuma ya kisigino cha kulia: mtu huusogeza mguu mbele, akainua vidole, mpira ukasugua ardhi. Nilisogeza, nikainua, kilichosugua ardhi kilikuwa skurubu, maana mwenye viatu wa kwanza, huko ughaibuni alikokuwa, alikwisha kuumaliza mpira wote kwa kusimama yeye. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akipanda aliniuliza, nilipompita, kama nabeba abiria mpaka Keroka.

Penye kona njia ilipinda, mimi sikupinda. Michai ilinidaka, nikazama humo hadi kiunoni. Omong'ina, yaani mama mzee, mwenye shamba, aliyekuwa akichuma, alinitazama kitambo, kisha akashusha kikapu mgongoni mwake akanikabidhi.

"Maadamu umefika, chuma. Majani mawili na chipukizi, usiniletee magumu."

Nilichuma hadi mvua ya alasiri, kwani mlima ule haukupandika kwa magurudumu, na mpwa wangu, aliyeshika viatu vyangu vya ngozi, hakuonekana mapema. Jioni, juu ya sakafu ileile ya saruji, karani aliandika kilo tisa kwa jina la omong'ina.